Naomba mapendekezo ya folki inayotoka moyoni, baada ya Carrie & Lowell

Mwalimu_wa_Nyanda (Iringa)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninawaandikia kutoka Iringa, ambako baridi ya mwezi huu wa Juni imekaza kiasi kwamba tunafundisha tukiwa tumevaa makoti. Mama yangu mzazi alifariki mwezi wa tatu, na tanga limeshaanuliwa. Ndugu wamerudi makwao, nami nimebaki na kazi yangu na jioni ndefu ambazo sikujua nizifanyie nini.

Rafiki yangu mmoja, ambaye tumefahamiana kwa maandishi tu kwa miaka sita bila kuonana uso kwa uso, alinitumia albamu ya Sufjan Stevens iitwayo Carrie & Lowell, ya mwaka 2015, pamoja na agizo moja fupi: niisikilize usiku, nikiwa peke yangu, wala nisiifanye ya kusindikizia kazi. Nilitii. Sikujua wakati huo kwamba Carrie ni mama yake msanii huyo, kwamba aliondoka nyumbani mwanawe akiwa na umri wa mwaka mmoja tu, na kwamba alifariki mwaka 2012 wakiwa hawajapata miaka ya kutosha ya kufahamiana. Mimi nililelewa na bibi, mzaa baba. Mama aliolewa tena Mbeya nikiwa na miaka mitatu, nikawa ninamwona wakati wa likizo ya Desemba. Mtakapoisikiliza albamu ile mtaelewa kwa nini nililazimika kuizima katikati mara ya kwanza, na kwa nini niliirudia kesho yake.

Nimeisikiliza karibu kila usiku kwa wiki tano, na sasa ninaogopa kuichosha. Ninaomba mnipendekezee nyimbo nyingine za jamii hiyo, muziki ambao wenyewe huuita indi-folki, yaani folki ya wasanii wanaojitegemea: sauti ya mtu, gitaa kavu, na maneno ambayo mwimbaji hakuyaandika ili apendeze watu. Ombi langu la pili ni kwamba kila atakayependekeza anieleze pia namna ya kuisikiliza. Majina ya albamu yamejaa kila mahali. Ninachokosa ni mtu wa kunisindikiza hadi mlangoni.

Gitaa_Kavu (Morogoro)

Pole sana, dada. Mungu amlaze mama mahali pema peponi.

Mimi hupiga gitaa, na nimeingia katika muziki huu kupitia vidole kabla ya maneno, kwa hiyo nitakupeleka kwa mtu ambaye wengi wa wasanii hawa wa leo wanamhesabu kuwa babu yao ingawa alikufa kijana: Nick Drake, Mwingereza aliyelelewa katika kijiji cha Tanworth-in-Arden. Alitoa albamu tatu tu, kisha akafariki Novemba 1974 akiwa na umri wa miaka 26, karibu bila kujulikana. Albamu yake ya mwisho, Pink Moon ya mwaka 1972, ilirekodiwa London kwa usiku miwili tu wa Oktoba 1971. Studioni walikuwa yeye na fundi wake wa sauti, John Wood. Ndani yake hamna ngoma, hamna besi, hamna vinanda vya nyuzi kama katika albamu zake mbili za mwanzo. Ni sauti na gitaa, na piano inaingia katika wimbo mmoja pekee, ule uliobeba jina la albamu. Yote haifiki hata nusu saa.

Namna ya kuisikiliza: usianze na maneno. Mara ya kwanza fuata kidole gumba chake tu, kile kinachopiga nyuzi nene za juu, uone kinavyotembea kwa mwendo wake bila kujali huzuni iliyo kwenye sauti. Drake alikuwa akizilegeza na kuzikaza nyuzi kwa mipangilio yake mwenyewe, tofauti na tuliyofundishwa sisi, na ndiyo sababu ukijaribu kumwiga kwa gitaa lililopangwa kawaida hupati kitu. Mara ya pili ndipo usikilize anachosema. Ninaamini kabisa kwamba anayeanza na maneno huiona albamu hiyo kuwa ya giza tupu, ilhali anayeanza na gumba husikia mtu anayetembea.

Lakini kwa hali yako, dada, ninayotaka uisikie zaidi si ya Nick bali ya mama yake. Molly Drake alitunga nyimbo zake nyumbani, akazipiga kwa piano sebuleni, na katika miaka ya 1950 mumewe, Rodney, ambaye alikuwa mhandisi, akawa anamrekodi kwa mashine ya utepe pale pale nyumbani. Hakuwa msanii wa jukwaani. Alifariki mwaka 1993, na albamu yenye jina lake ilifikia watu baada ya hapo, kwa upana zaidi mwaka 2013. Ukisikiliza nyimbo za mama kwanza kisha za mwana, utasikia zile hatua za muziki ambazo wengi walidhani Nick alizizua mwenyewe, kumbe alizisikia akiwa mtoto, huenda akiwa kitandani ameambiwa alale. Nimekuwa nikiufikiria utepe huo kwa miaka mingi. Mume alibonyeza kitufe cha kurekodi sebuleni, pengine kwa mapenzi tu, na miaka 60 baadaye mtu wa Morogoro anasikia mkewe akivuta pumzi kabla ya kuimba.

Binti_Pongwe (Tanga)

Pole dada Mwalimu, na ninamheshimu kaka Gitaa_Kavu, lakini kuna jambo moja nitapingana naye, na jingine nitakuambia wewe.

Kwanza kwa kaka. Tumezoea katika muziki huu kumpelekea mwenye huzuni huzuni nyingine, tena kwa nia njema, kana kwamba wimbo wa furaha hauwezi kuwa wa kweli. Mimi sikubali. Ninapendekeza Vashti Bunyan. Mwaka 1968 aliondoka London na mwenzake kwa gari la kukokotwa na farasi, wakielekea visiwa vya Uskoti, safari ambayo kwa motokaa ni ya siku moja au mbili, wao wakaitumia zaidi ya mwaka mzima. Njiani akatunga nyimbo kuhusu mashamba, mbwa, mvua na moto wa jioni, ambazo ndizo albamu ya Just Another Diamond Day ya mwaka 1970. Haikununuliwa. Aliumia, akaacha muziki, akalea watoto, na kwa takriban miaka 30 gitaa lake likakaa kimya, hadi albamu ilipotolewa upya mwaka 2000 na vijana wa folki ya kujitegemea wakamtafuta kama mtu anayemtafuta shangazi aliyepotea. Albamu yake ya pili, Lookaftering, ilitoka mwaka 2005. Sikiliza ya kwanza asubuhi, mlango ukiwa wazi, ukifagia au ukichambua mboga, kisha ya pili jioni ya siku hiyo hiyo. Ni sauti ile ile, laini vile vile, lakini katikati yake kuna maisha mazima ya mwanamke. Mimi niliposikia tofauti hiyo nililia, na sikulia kwa huzuni.

Sasa kwako, dada. Umesikiliza albamu ya Sufjan kwa wiki tano, na katika maelezo yako yote umemtaja Carrie, hukumtaja Lowell hata mara moja. Yule ni baba yake wa kambo. Ndoa yake na Carrie ilidumu miaka mitano tu, na majira ya kiangazi ya miaka hiyo huko Oregon ndiyo karibu kumbukumbu zote ambazo Sufjan anazo za kuwa na mama yake. Ndoa ilipovunjika, Lowell angeweza kwenda zake. Hakuna aliyemdai kitu. Badala yake walibaki karibu, na mwaka 1999 wakaanzisha pamoja Asthmatic Kitty, kampuni ndogo ya kutoa muziki ambayo ndiyo iliyoitoa albamu hiyo. Nenda kaitazame tena picha ya jalada: wamo wawili. Mimi ningekuomba uisikilize mara moja zaidi kabla ya kuhamia kwingine, safari hii ukiwa unamsikilizia mtu wa pili.

Mwalimu_wa_Nyanda (Iringa)

Dada Binti_Pongwe, nimeyasoma maneno yako mara tatu, na sijui nikujibu nini kwa sasa. Baba wa kambo yupo hai, Mbeya. Tulisalimiana makaburini. Acha nisikilize kwanza, nitarudi.

Mkazi_wa_Baridini (Minneapolis)

Poleni kwa msiba, Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Kisii, ninaishi Minneapolis, na kutoka hapa hadi Eau Claire, Wisconsin, ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Ninautaja mji huo kwa sababu ndiko anakotoka Justin Vernon, ambaye hujiita Bon Iver, na sioni namna ya kuzungumzia folki ya karne hii bila albamu yake ya For Emma, Forever Ago.

Kisa chake kinajulikana: bendi yake ilikuwa imevunjika, uhusiano wake umevunjika, ameugua, akaondoka North Carolina akaenda kukaa peke yake katika kibanda cha uwindaji cha baba yake, msituni Wisconsin, majira ya baridi ya 2006 kuingia 2007. Akatoka huko na nyimbo tisa alizozirekodi kwa vifaa vichache, akiipandisha sauti yake nyembamba ya juu tabaka juu ya tabaka hadi ikawa kama kwaya ya mtu mmoja. Alizitoa mwenyewe mwaka 2007, na mwaka uliofuata kampuni ya Jagjaguwar ikazisambaza. Maneno yake hayaeleweki vizuri hata kwa Wamarekani, kwa sababu alianza kwa kuimba sauti tupu na maneno yakaja baadaye kujaza mahali pa sauti hizo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba Kiingereza chako ndicho tatizo. Isikilize kwa spika za masikioni, usiku wa baridi kama hiyo yenu ya Iringa, bila kusoma maneno popote.

Hata hivyo, ninaomba tusikiabudu kibanda. Nimeona hapa Marekani vijana wakikodi nyumba msituni wakidhani upweke wenyewe hutunga nyimbo. Sam Beam, anayetumia jina la Iron & Wine, alirekodi The Creek Drank the Cradle, iliyotoka mwaka 2002, nyumbani kwake Florida kwa kinasa sauti kidogo cha njia nne, akiwa mwalimu wa chuo mwenye familia. Hakukimbilia popote. Unaisikia nyumba katika sauti yake, naye anaimba karibu kwa kunong'ona. Mwalimu mwenzako huyo ningependa umsikilize wakati wa kusahihisha madaftari, kwa sababu ni muziki usiokudai chochote.

Na nisipomtaja J.S. Ondara nitakuwa nimewanyima wenzangu haki. Ni kijana wa Nairobi. Akiwa shuleni alibishana na mwenzake kuhusu wimbo aliodhani ni wa bendi moja ya roki, wakawekeana dau, akashindwa, na hapo ndipo alipojua kwamba mtunzi wake ni Bob Dylan. Kushindwa huko kulibadilisha maisha yake. Alikuwa na daftari la mashairi lakini hakuwa na uwezo wa kununua gitaa. Mwaka 2013 akaja huku Minnesota, jimbo alikozaliwa Dylan, akajifunza gitaa akiwa mtu mzima, na mwaka 2019 akatoa Tales of America, ambayo iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy katika kundi la albamu bora ya Americana, yaani muziki wenye mizizi ya kienyeji ya Marekani. Kuna nyimbo ambamo anaimba bila ala yoyote, na sauti yake hupanda juu kisha hukaa huko ikitetemeka. Kwa sisi tulioacha mama zetu nyuma na kuja kwenye theluji, albamu hiyo ni barua. Nilimsikia kwa mara ya kwanza nikiwa ndani ya basi, Februari, na nikapitiliza kituo changu. Kwake yeye sina agizo la namna ya kusikiliza, ila usianzie katikati.

Sanduku_la_Nyimbo (Kigoma)

Nitasema kidogo tu, kwa sababu wenzangu wamesema vyema. Kaka Gitaa_Kavu amezungumzia kidole gumba cha Nick Drake. Ninamkumbusha kwamba gumba hilo lina ndugu ng'ambo ya ziwa letu. Jean Bosco Mwenda wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 akipiga Masanga kwa gumba na kidole cha shahada, akiimba kwa Kiswahili cha kwao, na mwaka 1969 alialikwa kwenye tamasha la folki la Newport, Marekani, jukwaa lile lile la wakubwa wa muziki huo. Dada Mwalimu, yeye si msanii wa huzuni, na sikuleti kwake kwa ajili ya huzuni. Ninakuleta kwa sababu baada ya wiki tano za Kiingereza sikio linahitaji kukaa kidogo kwa mtu anayezungumza lugha yako, akiwa na gitaa kavu tu mkononi. Msikilize mchana.

Gitaa_Kavu (Morogoro)

Umenipata, mzee wangu, na ninashukuru. Nilijifunza Masanga kabla ya kumjua Drake, na ni aibu kwamba sikumtaja.

Kwa dada Mwalimu ninaongeza jina moja, kisha nitanyamaza: Adrianne Lenker. Machi 2020 ziara ya bendi yake, Big Thief, ilikatizwa Ulaya na korona. Akaenda kukaa katika nyumba ndogo ya chumba kimoja kwenye milima ya Massachusetts magharibi, moyo wake ukiwa umevunjika, akarekodi kwa utepe wa zamani albamu mbili zilizotoka Oktoba mwaka huo: songs na instrumentals. Hiyo ya pili ina vipande viwili tu virefu, bila maneno, na ndege wa nje wanasikika. Siku utakapochoka na maneno ya watu wote, pamoja na ya kwetu sisi hapa, weka hiyo.

Mwalimu_wa_Nyanda (Iringa)

Ndugu zangu, nimerudi baada ya siku kumi na mbili, na ninaomba mniwie radhi kwa ukimya.

Nimewasikiliza wote, kila mmoja kwa agizo lake. Pink Moon niliifuata kwa gumba kama kaka alivyosema, na ni kweli, yule ni mtu anayetembea. Vashti Bunyan nilimsikiliza Jumamosi asubuhi nikichambua maharage. Jioni niliweka ile ya pili na nikaelewa ulilolisema, dada, ingawa mimi sikulia, nilikaa tu na sinia mapajani. Bon Iver bado hajaniingia. Ninaona anaimba kutoka mbali mno, na kwa sasa ninamtaka mtu wa karibu. Sam Beam amekuwa mwenzangu wa madaftari ya kidato cha pili kila siku. Wimbo wa Masanga nimewapigia wanafunzi wangu, nao wakacheza.

Lakini ni Molly Drake aliyenishika, na sababu yake si sauti yake pekee. Katika zile nyimbo mtu anasikia chumba. Nikakumbuka kwamba katika Carrie & Lowell pia kuna wimbo ambao Sufjan aliurekodi kwa simu akiwa katika chumba cha hoteli Oregon, na mngurumo wa chumba hakuuondoa. Nikaisikiliza albamu hiyo tena kama dada Binti_Pongwe alivyoniomba, nikimsikilizia Lowell, na ilipokwisha nikagundua kwamba kuna mtu mmoja duniani aliyemsikia mama akiimba jikoni kila siku kwa miaka 28, na mtu huyo sijampigia simu tangu mazishi.

Nilimpigia Jumapili baada ya ibada. Nilimwamkia, tukazungumza kuhusu mvua na bei ya mbolea, kisha nikamuuliza mama alikuwa akiimba nini alipokuwa akipika. Alinyamaza kwa muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika. Akasema alikuwa na wimbo mmoja wa Kinyakyusa, wa kubembelezea watoto, ambao aliuimba hata baada ya watoto kukua, na kwamba yeye hana sauti lakini angejaribu kama sitamcheka. Nilimwomba asubiri kidogo, nikawasha kinasa sauti.

Ni dakika moja na sekunde arobaini. Anakosea mahali fulani, anaanza upya, na nyuma yake kuna jogoo na mtu anayeburuta kiti kwenye sakafu ya saruji. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akiburuta kiti hicho, ameahidi kunitumia maneno yote kwa maandishi, kwa sababu Kinyakyusa changu ni cha likizo za Desemba tu. Kaka Gitaa_Kavu, ninaomba uniambie, ukipata nafasi, gitaa lipangwe vipi ili wimbo wa namna hiyo uupigie taratibu bila kuufunika. Mimi nitajifunza, hata kama itachukua mwaka mzima.

Gitaa_Kavu (Morogoro)

Dada, legeza uzi ule mnene kabisa wa juu, ushuke kutoka mi hadi re, mingine iache ilivyo. Piga gumba peke yake kwa wiki nzima, polepole, hadi liweze kwenda bila wewe kulifikiria. Kisha nitumie hiyo dakika moja na sekunde arobaini, kama baba ataridhia, nikutafutie sauti anazopita.